Zamu ya Wasiosema

Kijijini kwetu alikuwako mtu mmoja tu aliyeweza kunifunga mdomo, na kazi yake ilikuwa kuzungumza na watu wasiojua kuzungumza. Tulimwita Mlezi. Jina alikuwa nalo kama watu wote, lakini lilitumika siku za kuandikishwa tu, na karani alipolisoma kwa sauti watu waligeuka kutafuta huyo mgeni ni nani.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kilambo, na kina mama walipokwenda shamba la pamoja kupalilia muhogo au kuokota korosho, watoto wadogo walibaki katika banda la makuti jirani na ghala. Mimi ndiye niliyekuwa fundi seremala wa kijiji. Banda hilo nililijenga mimi, nikalikarabati mara elfu moja, na juu ya mlango nikaandika kwa mkono wangu KITUO CHA WATOTO. Ubao uliniishia kwenye T ya mwisho, ile O ikabidi ipande juu kidogo, kama mtoto aliyepanda uzio. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho. Yale ambayo sikuyaona nimeyatia chumvi, lakini chumvi ya kiasi, ya Mikindani, haiharibu mboga.

Ninayo pia sababu ya nyumbani ya kumkumbuka. Mwanangu Somoe alipomaliza misimu miwili ya korosho bila kutamka neno hata moja, shangazi yangu aliagiza mtu wa wembe aje amkate chini ya ulimi. Mlezi ndiye aliyesimama kati ya wembe ule na ulimi ule. Nitafika huko. Kwanza mumjue alivyokuwa, maana bila hivyo mtadhani alifanya uganga.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye kanga mbili na sauti nzito iliyotoka tumboni. Nilimchongea kigoda kizuri cha mkongo. Akanishukuru, akaweka chungu juu yake, akaendelea kukaa mkekani. "Ukikaa juu," alisema, "unaongea na utosi." Alimweka mtoto magotini, uso kwa uso, karibu kiasi cha kunusana, akamwuliza: "Umeamkaje?"

Halafu akanyamaza.

Kimya chake! Mtu angeweza kwenda Mikindani kununua samaki akarudi, akamkuta Mlezi bado anasubiri jibu la mtoto wa miezi mitatu. Hakumtikisa, hakumpigia makofi, hakurudia swali. Alifungua macho na kutulia. Hatimaye mtoto alirusha mguu, au akatoa ulimi, au akasema "aguu".

"Ehee!" Mlezi alijibu papo hapo. "Kumbe hukulala! Ni mbu?"

Kimya tena. Mtoto: "Aguu."

"Aguu, ndiyo. Msimu huu wamezidi. Na mama yako chandarua hana?"

Siku ya kwanza nilipoyasikia mazungumzo hayo nilikuwa juu ya paa nafunga makuti. Nilicheka nikakaribia kuanguka. Siku ya tano nilijikuta nimeacha kufunga makuti, nasubiri kusikia yule mtoto atasemaje juu ya chandarua.

Kijiji kilikuwa na zamu za kila kitu. Kulikuwa na zamu ya kuteka maji, zamu ya ghala, zamu ya kulinda nguruwe wasile muhogo. Mlezi akaongeza ya kwake, zamu ya kusema. Wewe useme, kisha mwenzio aseme, hata kama mwenzio hana meno. Mtu akiingia bandani na kumkatiza mtoto katikati ya "baba-baba-baba" yake, Mlezi aliinua kiganja na kusema, "Ngoja. Zamu yake haijaisha." Alimwambia hivyo mwenyekiti wa kijiji, tena mbele ya wageni, na mwenyekiti akangoja. Wageni nao wakangoja. Mtoto akamaliza alilokuwa nalo, akacheua maziwa, kikao kikaendelea.

Nilimwuliza mara moja kusubiri huko alijifunzia wapi. Alinichukua. Nilikuwa na safari ya Kilambo kufuata mbao, naye alikuwa na watu wake wa kuwapokea kutoka ng'ambo ya Ruvuma, tukaenda pamoja. Tulipofika ukingoni, mtumbwi ulikuwa upande wa pili, mwenye mtumbwi tunamwona kama sisimizi. Nikaweka mikono mdomoni: "Ee mwenye mtumbwiii!" Kimya. Nikaita tena. Nikaita kwa Kimakonde, kwa Kimakua, nikaita kwa Kiswahili cha kisomo. Hata viboko waliinua vichwa kunitazama.

"Fundi," Mlezi akasema, "unamwita au unamfukuza?"

"Namwita, Mlezi. Hajibu."

"Atajibu vipi? Sauti yake ikija inaikuta ya kwako imekaa njiani."

Akasogea majini hadi vifundoni. Akaita mara moja tu, sauti ndefu, akafunga mdomo. Nilitaka kusema neno akanitazama nikalimeza. Upepo ukapita. Ndege akapita. Nilidhani sasa kumekuchwa, nikaona jua liko palepale. Ndipo ikaja sauti nyembamba juu ya maji: "Naku-jaaa."

Mwenye mtumbwi alipofika alinigombeza. "Wewe jamaa kiziwi? Nimeitika mara nne!"

Mlezi alicheka njia nzima ya kurudi. Yeye Mmakua, mimi Mmakonde, ni watani, kwa hiyo hakuwa na huruma. "Wewe Nmakonde," aliniambia, "mdomo wako ungetiwa kufuli ungekuwa sanduku zuri sana." Lakini tulipokaribia kijiji akaacha mzaha. "Mtoto yuko ng'ambo vilevile," akasema. "Ameshaitika. Ninyi mnaendelea kupiga kelele."

Msidhani alikuwa mpole. Subira yote aliyokuwa nayo ilikwisha kwa watoto; sisi watu wazima tulipata makombo. Mama aliyechelewa kumchukua mwanawe alielezwa ukoo wake mbele ya watu. Mlezi mwenyewe alivuta ugoro, lakini nyuma ya ghala, watoto wasimwone, akarudi akipiga chafya na kudai ni vumbi la korosho. Alijua kutofautisha kilio cha njaa na kilio cha usingizi na kilio cha kuchoshwa na sura ya mtu, lakini alikataza katakata mtoto kuonyeshwa kioo kabla hajasema, eti maneno yatabaki kiooni, na yai hakumruhusu mtoto alile, eti ulimi utateleza. Nilimwambia kwamba mwalimu wa kisomo anakanusha hayo. Akasema, "Mwalimu ana watoto wangapi?" Nikasema hana. Akasema, "Haya, mwambie ale mayai."

Kisomo chenyewe tulikisoma pamoja, mimi na yeye, katika banda lilelile la watoto, jioni baada ya kazi, tukikalia mabenchi niliyoyapimia miguu ya watoto, magoti yakigusa masikio. Mwalimu wetu alikuwa kijana Mkristo kutoka bara, mtu wa watu, aliyeletwa na serikali na kuletewa malaria na sisi. Alisoma ubaoni, tukaitikia wote kwa pamoja, na mimi sauti yangu ilisikika hadi Msumbiji. Mlezi hakuitikia. Aliinama kulia, akainama kushoto, kama mtu anayetafuta sindano.

"Mama, mbona husomi?" mwalimu akauliza.

"Nasubiri nisikie. Wote mnasema, nani anasikia?"

Siku nyingine mwalimu alimwonyesha herufi ubaoni, akamwuliza ni ipi. Mlezi akaitazama. Mwalimu akahesabu moja mbili tatu kimoyomoyo, akamgeukia mwingine, yule akajibu. Mlezi akasimama, akajifunga kanga yake vizuri.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikuwa njiani nakuja."

Hakurudi tena darasani. Mimi nilihitimu. Cheti ninacho, nimekitengenezea fremu ya mninga iliyo kubwa kuliko cheti. Lakini nikiwa mkweli, na huwa mkweli nikiugua, maneno yale ya "nilikuwa njiani" yamenikaa kichwani kuliko vitabu vyote vya kisomo.

Akaja siku moja Bwana Maendeleo kutoka mjini, na fomu yake, na kalamu mbili mfukoni. Alisimama mlangoni kwa kuwa bandani kulikuwa na mikojo.

"Mama, watoto wanaosema ni wangapi?"

"Wote."

Akaandika, akafuta. "Hata huyu? Ana umri gani?"

"Miezi minne. Huyo ndiye msemaji wao."

"Amesema nini?"

"Muulize yeye. Lakini kwanza vua miwani, inamtisha."

Bwana Maendeleo akavua miwani, nafikiri kwa kushikwa na ujinga tu. Akachuchumaa. Akasema, "Hujambo?" Mtoto akamtazama muda wote ambao serikali ilikuwa imempa kwa kijiji kizima, kisha akatabasamu kwa ufizi mtupu. Yule bwana aliondoka bila kuvaa miwani yake, akagonga nguzo yangu.

Lakini Mlezi aliwahi kukosea pia, na kosa lake naliandika kwa sababu yeye mwenyewe alilitangaza. Palikuwa na mtoto wa kiume, mnene, mtulivu, asiyegeuka akiitwa. Mama yake alipoanza kuwa na wasiwasi Mlezi alimtuliza: "Mwache, huyu anafikiri." Akamsubiri mwezi, akamsubiri wa pili. Siku moja sufuria la uji likaanguka nyuma ya mgongo wa mtoto kwa kishindo cha kuamsha wafu. Watoto wote wakaruka. Yeye akaendelea kucheza na kifuu. Mlezi alikaa chini. Jioni alipowakuta kina mama wote wamekusanyika kuchukua watoto, alisema mbele yao: "Nimemsubiri jibu mtu ambaye hakusikia swali. Kosa langu." Akamwambia mama ampeleke mtoto hospitali ya Mtwara wampime masikio, na kesho yake akaanza kuongea na mtoto huyo kwa mikono. Baada ya muda watoto wengine wakaigiza, ikawa banda zima wanaombana uji kwa vidole.

Ninalisema hili ili muelewe kwamba zamu ya Somoe ilipofika, hakuna aliyekuwa na uhakika. Yeye Mlezi mwenyewe hakuwa nao.

Somoe alitembea mapema. Alisimama dede akiwa hajaota meno manne, akaenda tata ukumbini akishika mabenchi yangu. Alikula, alicheka, alinipiga. Alisikia, maana ukifungua kopo la sukari nyumba ya tatu alikuja. Ila kusema, hapana. Watoto wa rika lake walishaita mama, maji, kuku, wewe mwizi. Wa kwangu alinyamaza, na kilichotoka kinywani mwake kilikuwa ni pumzi tu: "Fwaa... fwaa." Hasa asubuhi. Mke wangu alisikitika, akamfukiza majani kwa kifua, tukamkanda mafuta, tukamning'iniza shingoni kipande cha mzizi. Pumzi ikabaki palepale.

Shangazi yangu akaja kututembelea. Alikuwa mama mzito, mwenye neno la mwisho katika ukoo. Akampanua Somoe mdomo kama anayenunua mbuzi.

"Ntoto huyu ana udata," akasema. "Ulimi umefungwa kwa chini. Akatwe, aseme. Wewe nwenyewe ulikatwa."

"Mimi, shangazi?"

"Tena labda walizidisha."

Mke wangu akacheka, halafu akalia. Shangazi akatuma salamu Mikindani kwa mzee mkata vimeo, aliyekuwa na wembe wake ndani ya mkoba wa ngozi na sifa zake ndani ya kila kijiji. Akajibu kwamba atafika baada ya siku nane. Mimi nikakubali. Sijifichi: nilikubali. Nilikuwa mtu wa maneno aliyezaa mtoto asiye na neno, na watu walishaanza kunitania kwamba nimemmalizia maneno yake.

Nilikwenda kumpa Mlezi habari kwamba Somoe hatakuja siku kadhaa, akipona kidonda atarudi. Aliingia ndani akatoka na kibakuli cha asali. Akamkalisha Somoe, akampaka tone juu ya mdomo, pale chini ya pua. Somoe akatoa ulimi, akaupandisha, akalamba lote, akatazama kama liko jingine.

"Ulimi uliofungwa haupandi pale," Mlezi akasema.

"Shangazi atasema kulamba si kusema."

"Na kweli si kusema." Alifuta mkono kwenye kanga. "Sijui ana nini, fundi. Lakini najua sijamsikia vizuri. Wembe unakuja siku ya nane? Nipe saba. Na wewe uje naye kila asubuhi, ukae hapa kabla ya kwenda kazini."

"Nikae nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Ndiyo kazi yenyewe."

Asubuhi ya kwanza nilikaa mkekani na Somoe mbele yangu. Mlezi akasema, "Mwambie neno moja, kisha nyamaza." Nikamwambia Somoe: "Mwanangu, leo tumekuja hapa kwa sababu shangazi yako mkubwa, yaani shangazi yangu mimi, bibi yako wewe, amesema, na unajua tena mambo ya ukoo..." Nilipomaliza, Somoe alikuwa nje anafukuza kuku.

Asubuhi ya pili nilijitahidi. Nilisema neno moja, nikanyamaza muda mrefu, muda mrefu sana. Mlezi alisema haukufika hata wa kufinya jicho. "Halafu unamjibia," alisema. "Unamwuliza 'unataka uji?' na wewe mwenyewe unasema 'ndiyo, anataka.' Sasa yeye aseme nini, amina?"

Asubuhi ya tatu alinipokea na kikombe cha bati kilichojaa maji. "Fundi," akasema, "chukua funda."

"Sina kiu."

"Si la kunywa. Litie mdomoni ukae nalo. Ukimeza, nakuongeza."

Basi mhitimu wa kisomo, fundi wa banda, baba wa mtoto, nikakaa mkekani mashavu yamevimba kama chura wa masika. Kina mama waliokuja kuacha watoto walipiga vigelegele. Mmoja alikimbia kuwaita wengine: "Njooni muone, fundi kanyamaza!" Shamba la ujamaa siku hiyo lilichelewa kuanza kwa sababu yangu. Nilimeza mara sita. Mlezi akaniongeza mara sita. Nilikwenda kazini tumbo likilia maji kama mtungi.

Ila jambo moja nililiona asubuhi ile. Sikuwahi kumtazama mwanangu kwa muda mrefu hivyo bila kusema. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikulijua.

Siku ya nne Somoe alikaa na mimi kidogo. Ya tano akaniwekea kifuu mkononi, akakichukua, akaniwekea tena, na mimi na funda langu nikampa, akanipa, zamu yangu, zamu yake, mpaka Mlezi aliyekuwa anachambua mboga akaacha kuchambua.

Siku ya sita nikapiga funda langu, nikakaa, nikanyoosha miguu. Kapu langu la vifaa lilikuwa pembeni. Somoe akaja. Akanitazama usoni, akayatazama mashavu yangu. Akaweka kiganja juu ya paja langu, akakisukuma mbele polepole hadi gotini.

"Fwaa," akasema.

Akakirudisha. Akakisukuma tena. "Fwaa."

Kisha akafunga mdomo, akanitazama, akasubiri.

"Amesema nini?" Mlezi akauliza.

Nikameza. "Kifua hicho. Ndiyo pumzi tunayoifukiza."

"Fundi. Sikukuuliza anaumwa nini. Amesema nini?"

Somoe akarudia mara ya tatu, na kiganja chake kikaenda mbele moja kwa moja, kimelala, hakikuruka, hakikupinda, kama nilivyofundishwa mimi na kama ninavyofundisha wengine. Nikageuka kwenye kapu. Randa yangu ilikuwa imechomoza juu, bado ina maranda ya jana mdomoni. Fwaa. Fwaa. Kila siku ya maisha ya mtoto yule niliamka, nikaenda barazani, nikapiga randa. Ndiyo sauti aliyoisikia kabla hajaisikia ya jogoo.

"Anakuita," Mlezi akasema. "Amekuita miezi yote hii, Nmakonde wewe. Nawe unamfukiza majani."

Nilitaka kusema jambo. Nasikitika kuwaarifu kwamba sikuwa na maji mdomoni na bado sikuweza. Mlezi akanisukuma bega. "Ameita. Itika basi, ni zamu yako."

"Naam," nikasema.

Somoe akapiga kelele ya furaha, nafikiri viboko wa Kilambo waliisikia. Akasukuma kiganja tena: "Fwaa!" Nikaitika tena. Tulifanya hivyo hadi uji ukaiva. Mlezi alikwenda nyuma ya ghala, akarudi akipiga chafya, akasema vumbi la korosho limezidi, na msimu wa korosho haukuwa umeanza.

Nyumbani nilimwuliza mke wangu hiyo pumzi humjia saa ngapi hasa. Akafikiri. "Ukitoka tu. Anasimama mlangoni pale ulipopita." Akajishika kichwa.

Siku ya nane mkata vimeo alifika na mkoba wake, shangazi akiwa mbele kama askari wa gwaride. Nikawasimamisha barazani. Nikasema hakatwi mtu. Shangazi alisema mengi, mengine kwa Kimakonde cha ndani ambacho sikitafsiri. Akasema ukoo utanicheka. Nikamwambia umeshanicheka siku saba. Akasema, "Basi aseme, nisikie!" Somoe akatokea mlangoni, akanikuta nimempa mgongo, akasukuma kiganja juu ya mwimo wa mlango. "Fwaa."

"Naam, mama," nikaitika.

Shangazi akanitazama mimi, akamtazama Somoe, akaitazama randa juu ya benchi la kazi. Hakuwa mjinga. Alikaa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na nzee wa watu amekuja nguu yote hii." Ilikuwa kweli, na ugeni una heshima yake. Nikaenda nikachuchumaa mbele ya yule mzee, nikainamisha kichwa. Wembe uliokuja kwa ulimi wa mwanangu ukaninyoa kipara, tena kipara kizuri, mzee akala muhogo na samaki, akaondoka na heshima yake.

Maneno yenyewe yalichukua muda. Si kwamba kesho yake alihutubia. Kwanza lilikuja "ko-ko" la nyundo, likiwa na maana ya kugonga na kuku na kuomba kuingia, halafu mengine mawili matatu aliyoyatunga mwenyewe, na kila moja Mlezi alilipokea kama hati ya serikali. Neno la kwanza la Kiswahili safi alilitoa nilipokuwa namweleza mteja habari za kitanda. Somoe aliinua kiganja, akanikunjia uso, akasema, "Ngoja." Tangu siku hiyo hajanyamaza. Sasa ni mtu mzima, anaishi Mikindani na familia yake, na mumewe ananiambia, kwa adabu, kwamba amenirithi.

Vijiji vilibadilika, shamba la pamoja likagawanyika, banda likaliwa na mchwa likabaki lile bango la O iliyopanda juu. Mlezi alihamia mjini Mtwara, kwa mpwa wake. Nilisikia hivyo tu.

Nilimwona mara ya mwisho nilipopeleka kabati mtaa wa Rahaleo, hukohuko Mtwara. Nilikuwa nakaza bawaba za mlango wa kabati, nikaona ndani, karibu na dirisha, mwanamke mfupi, mpana, ameegemezwa kwenye mto. Mpwa wake, mwanamke mkarimu mwenye haraka, alifuata macho yangu.

"Ni mama mkubwa huyo, baba. Alipigwa kiharusi. Hasemi tena, usijisumbue. Tumeshamwuliza kila kitu, hajibu."

"Namjua," nikasema. "Nikae kidogo?"

Nikavua viatu, nikaketi mkekani, uso kwa uso. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea, macho yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo, Mlezi."

"Hajibu, nimekwambia," mpwa akasema kutoka ukumbini. "Mama mkubwa! Umemtambua mgeni? Amemtambua, hajambo. Unataka chai? Anataka chai, nitamletea..."

Mkono mzima wa Mlezi, wa kushoto, ulikuwa umelala juu ya mto. Uliinuka kidogo, ukashuka. Nikautazama. Ukasogea mbele, umelala, moja kwa moja, mpaka mwisho wa mto.

"Fwaa," akasema Mlezi.

"Naam," nikaitika.

Mpwa wake alisimama mlangoni. "Amesema nini? Baba, amesema nini?"

Macho ya Mlezi yalikuwa bado kwangu, na mdomo wake ulikuwa umeanza kutafuta kitu kingine. Nikamwomba yule binti maji ya kunywa. Akaniletea kikombe kilichojaa. Nikapiga funda moja, nikakiweka chini, nikamgeukia Mlezi, na sikuyameza.